Programu Zinazouliza Mno: Sababu za Kukwama Kwake na Dawa Zake

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Hata hivyo, mtu aulizaye jambo lile lile kila baada ya dakika moja, ilhali jibu halijabadilika, humchosha anayeulizwa na hujichosha mwenyewe. Ndivyo zilivyo programu nyingi za kompyuta na za simu za mkononi zinazotumika siku hizi katika zahanati, shule, vyama vya ushirika na ofisi za wilaya. Programu hizo huuliza kompyuta kuu, iitwayo seva, kama kuna habari mpya. Zikiuliza kwa kipimo, kazi hwenda vizuri. Zikiuliza bila kipimo, kioo huganda, betri huisha, fedha za kifurushi cha intaneti hupotea, na mtumishi aliyekaa mbele ya mashine hurejea kwenye daftari lake la karatasi.

Tatizo hili huonekana wazi zaidi katika nyanda za juu za Kigoma, yaani wilaya za Kasulu na Kibondo. Nchi hiyo ya Waha ni ya vilima na mabonde. Minara ya simu huwekwa vileleni, na vijiji vilivyo nyuma ya kilima mara nyingi hupata mawimbi hafifu. Kwa miaka mingi miji ya Kasulu na Kibondo ilipata umeme wa majenereta ya dizeli, kabla ya gridi ya taifa kufika huko. Programu iliyotengenezwa na mtaalamu aliyekaa Dar es Salaam au Ulaya, penye mtandao wa kasi na umeme wa kutosha, yaweza kufanya kazi bila kasoro mbele ya macho yake, kisha ikashindwa kabisa ifikapo Mabamba au Makere. Makala haya yaeleza kwa nini jambo hilo hutokea na namna ya kulirekebisha.

MAANA YA KUULIZAULIZA

Kuna njia mbili za kupata habari kutoka kwa mtu aliye mbali. Njia ya kwanza ni kumwendea kila mara na kumwuliza, "Kuna jipya?" Njia ya pili ni kumwachia agizo, "Likitokea jipya, nijulishe." Njia ya kwanza ndiyo iitwayo hapa kuulizauliza. Njia ya pili yaweza kuitwa kujulishwa.

Wataalamu wengi wa programu huichagua njia ya kwanza kwa sababu ni rahisi kuitengeneza. Hutosha kuweka saa ndani ya programu na kuiamuru itume ombi kwa seva kila baada ya muda fulani. Simu ikizimwa na kuwashwa tena, haihitaji kukumbuka chochote. Huuliza tu upya. Seva nayo haihitaji kujua nani yuko wapi, hungoja kuulizwa. Kwa hiyo njia hii si mbaya kwa asili yake. Ubaya huingia pale ambapo mwendo wa kuuliza haulingani na mwendo wa mambo yanayoulizwa.

SOMO LILILOTOKA KIGOMA

Mkoa wa Kigoma wenyewe una mfano mzuri wa kuuliza kwa kipimo. Katika mwaka 2009 Wizara ya Afya, ikishirikiana na mpango wa kimataifa wa Roll Back Malaria pamoja na makampuni ya Novartis, IBM na Vodafone, ilianza majaribio ya mradi ulioitwa SMS for Life. Majaribio yalifanyika katika wilaya tatu: Lindi Vijijini, Ulanga, na Kigoma Vijijini, ambayo inapakana na Kasulu. Vituo vya afya na zahanati 129 vilihusika kwa muda wa majuma 21, hadi mwaka 2010.

Utaratibu wake ulikuwa mwepesi. Mara moja kwa juma, siku ya Alhamisi, kompyuta ilituma ujumbe mfupi wa simu kwa mtumishi wa kila kituo, ikiuliza kiasi cha dawa mseto ya malaria na kwinini ya sindano kilichobaki ghalani. Mtumishi alijibu kwa ujumbe mfupi usiomgharimu chochote. Aliyejibu kwa wakati alizawadiwa salio la simu, na aliyechelewa alikumbushwa. Hesabu zilikusanywa na kupelekwa kwa wakuu wa afya wa wilaya ili wahamishe dawa kutoka penye ziada kwenda penye upungufu.

Matokeo yalikuwa makubwa. Katika juma la kwanza, asilimia 26 ya vituo havikuwa na dawa mseto ya aina yoyote. Katika juma la 21, vilikuwa chini ya asilimia 1. Kwa wastani asilimia 95 ya vituo vilijibu.

Umuhimu wa jambo hili waeleweka zaidi ikikumbukwa kwamba katika uchunguzi wa kitaifa wa viashiria vya malaria wa mwaka 2017, Kigoma ndio mkoa ulioongoza nchini: takriban asilimia 24 ya watoto wa chini ya miaka mitano walikutwa na vimelea vya malaria, wakati wastani wa Tanzania ulikuwa takriban asilimia 7. Ghala tupu mahali kama hapo ni hatari kwa uhai wa mtoto.

Jambo la kujifunza hapa ni mwendo wa swali. Mfumo ule uliuliza mara moja kwa juma, kwa maneno machache, kwa njia iliyopita hata penye mawimbi hafifu. Dawa ghalani hazipungui kwa sekunde. Hupungua kwa siku. Kuuliza kila dakika kusingeongeza hata kidonge kimoja, bali kungewachosha watumishi na kuulemaza mtandao. Swali lililingana na jambo lililoulizwa.

HESABU YA MASWALI MATUPU

Mfano wa hesabu, usio wa kituo chochote halisi, waweza kulifafanua jambo hili. Tuseme wilaya moja ina simu 200 zenye programu ya kupokea orodha ya wagonjwa waliopewa rufaa. Mtengenezaji ameiamuru kila simu iulize seva kila baada ya sekunde 5. Siku moja ina sekunde 86,400. Kwa hiyo kila simu huuliza mara 17,280 kwa siku, na simu zote 200 huuliza mara 3,456,000. Ikiwa orodha hubadilika mara 20 tu kwa siku, ni dhahiri kwamba karibu maswali yote hurudi na jibu moja: hakuna jipya.

Maswali hayo matupu hayatoki bure. Kila ombi, hata lisipobeba habari yoyote, lina bahasha yake: anwani ya seva, utambulisho wa simu, na alama nyingine za usalama. Tuseme swali na jibu lake hutumia kilobaiti 1 kwa jumla. Simu moja itatumia megabaiti 17 kwa siku, na zaidi ya megabaiti 500 kwa mwezi, kwa kuambiwa kwamba hakuna jipya. Mwenye simu ndiye hulipa.

Betri nayo huumia. Simu inapotuma ujumbe, redio yake huamka na kutumia nguvu nyingi. Ujumbe ukishapita, redio hubaki macho kwa sekunde kadhaa kabla ya kusinzia tena. Programu inayouliza kila baada ya sekunde 5 huinyima redio nafasi ya kusinzia. Kijijini ambako watu hulipa kuchaji simu dukani, au hutegemea paneli ndogo ya jua, simu inayoisha adhuhuri haina faida kwa mgonjwa anayefika jioni.

KWA NINI MCHELEWO HUJA GHAFULA

Watu wengi hudhani kwamba seva ikiongezewa kazi kidogo, itachelewa kidogo. Sivyo. Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa Denmark aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha mwaka 1909 uchunguzi wake wa kwanza kuhusu wingi wa simu zinazopigwa, na kutokana na kazi yake ikakua elimu ya foleni. Elimu hiyo hutumika mpaka leo kwa simu, benki, bandari na seva.

Tuseme seva yaweza kujibu maombi 50 kwa sekunde, na maombi huja ovyo ovyo bila mpango, kama watu wajavyo bombani kuteka maji. Simu 200 zikiuliza kila baada ya sekunde 5, seva hupata maombi 40 kwa sekunde. Kwa kanuni ya foleni iliyo nyepesi kuliko zote, muda wa wastani wa ombi kukaa kwa seva hupatikana kwa kugawa 1 kwa tofauti kati ya uwezo na kazi. Tofauti hapa ni 10, basi muda ni sehemu ya kumi ya sekunde. Hakuna atakayelalamika.

Simu zikiongezeka kufikia 225, maombi huwa 45 kwa sekunde, tofauti ni 5, na muda huwa sehemu ya tano ya sekunde. Bado hakuna anayetambua. Zikifika 245, maombi huwa 49, tofauti ni 1, na muda hupanda kuwa sekunde nzima. Zikifika 250 hakuna tena tofauti, na foleni hukua bila kikomo. Simu 20 tu zilizoongezwa mwishoni zimezidisha mchelewo mara tano, na 5 zaidi zimeuangusha mfumo mzima. Ndiyo sababu programu huweza kusifiwa wakati wa majaribio katika vituo vichache, kisha ikafa juma lile lile inapoenezwa wilaya nzima.

KUPIMA KWANZA

Kabla ya kutoa dawa, mganga hupima. Fundi wa programu naye hana budi kujua mchelewo unatoka wapi, kwa kuwa waweza kutoka mahali panne: ndani ya simu yenyewe, njiani, ndani ya seva, au katika hifadhidata ambamo seva huchota majibu.

Njia ya kupima ni kuandika nyakati. Simu iandike saa ilipotuma swali na saa ilipopata jibu. Seva iandike saa ilipopokea, saa ilipoiuliza hifadhidata, na saa ilipojibu. Tofauti za nyakati hizo zitaonyesha penye mzigo. Ikiwa seva hujibu kwa sehemu ya hamsini ya sekunde lakini simu hungoja sekunde 4, kosa li njiani. Ikiwa simu hupata jibu upesi lakini kioo hubaki kimeganda, kosa li ndani ya simu, aghalabu kwa sababu programu huichora upya orodha nzima hata pasipo na badiliko.

Vipimo vichukuliwe mahali kazi inapofanyika. Kituo kinachotumia satelaiti ya zile zilizo juu ya ikweta kwa urefu wa kilometa 36,000 hivi, swali lake hupanda na kushuka, na jibu hupanda na kushuka tena. Jumla ni kilometa 144,000. Hata kwa mwendo wa mwanga, safari hiyo huchukua karibu nusu sekunde, na hakuna fundi awezaye kuipunguza. Awezacho ni kupunguza idadi ya safari.

DAWA YA KWANZA: MWENDO UNAOFAA

Dawa ya kwanza ni kuchagua muda wa kungoja kati ya swali na swali kwa kuangalia kazi. Programu inayouliza kila baada ya dakika moja hupata habari ikiwa imechelewa kwa wastani wa nusu dakika. Kwa orodha ya rufaa jambo hilo aghalabu halina madhara. Katika mfano ule ule, simu 200 zikiuliza kila dakika, seva hupata maombi yasiyozidi 4 kwa sekunde. Hata simu zikifika 2,000, maombi ni 33 tu, na seva ile ile ya maombi 50 hutosha. Matumizi ya kila simu hushuka kutoka megabaiti 17 hadi 1.4 kwa siku. Hakuna mashine mpya iliyonunuliwa. Namba moja tu imebadilishwa.

Programu bora zaidi hujipimia mwendo wenyewe. Huanza kwa kuuliza baada ya sekunde 15. Ikikuta hakuna jipya, huongeza muda maradufu: 30, kisha 60, kisha 120, mpaka kufikia kikomo cha dakika 5. Ikipata jipya, au mtumiaji akiifungua na kuitazama, hurudi kwenye sekunde 15. Simu ikiwa mfukoni na kioo kimezimwa, huacha kuuliza au huuliza kwa nadra sana.

Hapa kuna mtego mmoja unaowanasa mafundi wengi. Saa ya programu isihesabu tangu swali lilipotumwa, bali tangu jibu lilipofika. Programu inayotuma swali kila baada ya sekunde 5, mahali ambapo jibu huchukua sekunde 8, hutuma swali la pili kabla ya kujibiwa la kwanza, na la tatu kabla ya la pili. Maswali hurundikana, njia huziba, na kila rundo huongeza mchelewo wa linalofuata. Kanuni ni moja: usitume swali jipya wakati la zamani lingali njiani.

DAWA YA PILI: KUULIZA KILICHOBADILIKA TU

Programu nyingi, zikiulizwa kwa nini ni nzito, zitaonekana kuwa huleta orodha nzima kila mara. Ni sawa na mtu apelekaye gunia zima la maharage kutoka Kasulu hadi Kibondo ili kuthibitisha kwamba kilo moja imeongezwa.

Njia iliyo nafuu ni kuipa kila hali ya orodha namba ya toleo. Simu huuliza, "Ninalo toleo la 418, kuna jipya?" Seva ikiona toleo lake ni lile lile, hujibu kwa neno moja na kufunga mazungumzo. Kanuni za mawasiliano ya wavuti zilizochapishwa mwaka 1996 tayari zilikuwa na jibu la namna hii, namba 304, lenye maana ya kwamba hakuna kilichobadilika. Likiwapo jipya, seva hutuma tofauti tu kati ya toleo la 418 na la sasa.

Uangalifu wahitajika katika mambo mawili. La kwanza, namba ya toleo au saa itolewe na seva, si simu. Saa za simu hukosea. Simu iliyo mbele kwa dakika 10 itaomba mabadiliko ya baada ya saa ambayo kwa seva haijafika, na rekodi zilizoingia katika dakika hizo zitapotea machoni pake. La pili, rekodi iliyofutwa haina budi kuacha alama ya kufutwa. Bila alama hiyo, seva haina la kuiambia simu, na mgonjwa aliyekwisha kuhamishwa ataendelea kuonekana orodhani.

Ndani ya seva nako kuna kazi. Swali la "nini kimebadilika tangu toleo la 418" huweza kuilazimisha hifadhidata kusoma rekodi zote, moja baada ya moja. Rekodi zikiwa 1,000,000, kazi ni kubwa. Zikiwekewa faharasa iliyopangwa kwa namba ya toleo, utafutaji hufanana na kutafuta neno katika kamusi: hufunguliwa katikati, nusu moja huachwa, na hali kadhalika mpaka mwisho. Kwa kugawa nusu kwa nusu, hatua 20 hutosha kufikia rekodi moja kati ya milioni. Mara nyingi dawa hii moja, ambayo ni mstari mmoja wa amri, huponya mfumo uliodhaniwa kuwa unahitaji seva mpya.

DAWA YA TATU: UMEME UNAPORUDI

Kuna ugonjwa ambao hauonekani siku za kawaida. Umeme ukikatika au mnara wa simu ukizimika, simu zote hukosa mtandao kwa pamoja. Mnara ukiwaka tena, zote huamka kwa pamoja na kuuliza katika sekunde ile ile.

Tuseme simu 2,000 zimeuliza mara moja, na seva hujibu 50 kwa sekunde. Itahitaji sekunde 40 kuzimaliza. Lakini kila simu imeamriwa kukata tamaa baada ya sekunde 3 na kuuliza tena. Katika sekunde 3 seva imejibu simu 150. Zile 1,850 zilizobaki zimekwisha kutuma maswali mapya, wakati seva ingali ikishughulikia maswali ya zamani ambayo wenyewe wameyaacha. Seva hufanya kazi kwa bidii yote, na hakuna anayehudumiwa. Mtumishi huona mtandao umerudi lakini programu imekufa.

Dawa yake iligunduliwa zamani. Katika mwaka 1971 Chuo Kikuu cha Hawaii, chini ya Norman Abramson, kilianzisha mtandao wa redio ulioitwa ALOHA, uliounganisha kompyuta za visiwa mbalimbali. Vituo viwili vilipotuma kwa wakati mmoja, ujumbe uligongana na kuharibika. Basi kila kimoja kilingoja muda wa kubahatisha kabla ya kujaribu tena. Robert Metcalfe na wenzake waliotengeneza mtandao wa Ethernet huko Marekani katika miaka ya 1970 waliongeza kanuni nyingine: kila jaribio likishindwa, muda wa kungoja hupanuliwa maradufu.

Programu ya simu yapasa kufuata kanuni zote mbili. Ikishindwa mara ya kwanza, ingoje sekunde kadhaa. Ikishindwa tena, izidishe. Na kila mara ichanganye kidogo cha bahati nasibu ili simu mbili zisiende sambamba. Simu 2,000 zikitawanywa ndani ya dakika 5, seva hupata maombi yasiyofika 7 kwa sekunde, na zote huhudumiwa bila msongamano. Ni utaratibu ule ule wa kilindi cha mama na mtoto kliniki: wakipangiwa saa tofauti, foleni haifiki barabarani.

DAWA YA NNE: MMOJA AULIZE KWA NIABA YA WENGI

Hospitali ya wilaya yaweza kuwa na kompyuta nyingi zinazotumia programu moja na njia moja ya intaneti. Hakuna sababu ya kila kompyuta kuuliza Dar es Salaam peke yake. Kompyuta moja ya ndani hupewa kazi ya utarishi: huuliza seva ya mbali mara moja, huhifadhi jibu, na wengine wote huiuliza yenyewe kwa waya wa ndani. Kompyuta 30 huwa swali moja badala ya 30. Njia ya nje ikikatika, tarishi huyo huendelea kutoa majibu ya mwisho aliyonayo, yakiwa na saa yaliyopatikana, ili msomaji ajue umri wa habari anayoisoma.

Fikra hiyo hiyo hutumika ndani ya simu. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaoendelezwa chini ya uongozi wa Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway, na ambao Tanzania Bara ilikamilisha kuueneza nchini mwaka 2013, una programu ya simu inayohifadhi taarifa ndani ya simu kwanza, kisha kuzilinganisha na seva mtandao upatikanapo. Mtumishi hangoji mtandao ili aandike. Mtandao ndio humngoja yeye.

KUJULISHWA BADALA YA KUULIZA

Yabaki njia ya pili, ya kujulishwa. Namna yake nyepesi ni swali la subira: simu huuliza, na seva, badala ya kujibu upesi kwamba hakuna jipya, hulishika swali hilo kwa muda, tuseme nusu dakika. Jipya likitokea, hujibu papo hapo. Namna nyingine ni kuacha njia wazi kati ya simu na seva; kanuni ya WebSocket, iliyochapishwa mwaka 2011, ndiyo itumikayo sana. Namna ya tatu ni kutumia huduma za kuamsha simu ambazo Apple iliziweka mwaka 2009 na Google mwaka 2010, ambapo njia moja huhudumia programu zote za simu, na redio huamka mara moja tu.

Hata hivyo, njia hii si dawa ya kila ugonjwa. Kila njia iliyo wazi huchukua nafasi katika seva. Penye mawimbi yanayokatika nyuma ya vilima, njia hufa bila upande wowote kutambua mara moja, na ujumbe wa kuamsha simu waweza kupotea au kuchelewa. Kwa hiyo mifumo imara huchanganya njia zote mbili: hujulishwa pale inapowezekana, na huuliza kwa nadra, tuseme kila robo saa, ili kuhakikisha kwamba hakuna kilichopita bila kuonekana.

KILA HABARI NA HARAKA YAKE

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Tena walisema chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Mitha zote mbili ni za kweli, kila moja mahali pake, na kazi ya mtaalamu ni kutambua mahali hapo.

Mwezi Mei 2015 ugonjwa wa kipindupindu ulizuka Kagunga, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, miongoni mwa wakimbizi kutoka Burundi waliokuwa wakingoja kuhamishiwa kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu. Wagonjwa walifikia maelfu, na watu zaidi ya 30 walifariki. Habari ya mgonjwa wa kwanza wa kipindupindu haistahili kungoja Alhamisi, wala robo saa. Hesabu ya dawa ghalani yaweza kungoja juma. Orodha ya watumishi wa zahanati yaweza kungoja mwezi. Programu inayozipa habari zote tatu mwendo mmoja itakosea mara mbili: itaijaza njia kwa mambo yasiyo ya haraka, kisha jambo la haraka litakuta njia imejaa.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika amri ya kwanza ya programu, mtengenezaji aketi na watumishi watakaoitumia, Kasulu, Kibondo na kwingineko, awaulize kuhusu kila habari: hubadilika mara ngapi, na ikichelewa, nani ataumia? Majibu ya maswali hayo mawili ndiyo yatakayoweka saa ya programu. Swali kwa watumishi hao huulizwa mara moja, na huokoa mamilioni ya maswali ambayo mashine ingeuliza bure.